Kauli ya Kutendua: Mshipi Uliofungwa na Mshipi Uliofunguliwa

Kifungu cha kusoma

Katika uwanda wa Konya, nchini Uturuki, yapo magofu ya makazi ya kale yaitwayo Çatalhöyük. Watu waliishi hapo yapata miaka 9,000 iliyopita, na wafu wao waliwafukia chini ya sakafu za nyumba. Mwaka 1961 James Mellaart alianza kuyafukua makazi hayo. Miongoni mwa vitu vilivyofunuliwa makaburini mlikuwamo vishikizo vya mishipi, vilivyochongwa kwa mfupa wa mnyama na kung'arishwa. Kishikizo kamili kilikuwa na sehemu mbili: kulabu na kitanzi. Kulabu ilipochomekwa katika kitanzi, mshipi ulifungika. Ilipochomolewa, mshipi ulifunguka. Misharasi ya mfupa imepatikana huko kwa wingi, lakini vishikizo hivi ni nadra.

Uchambuzi

Tuvitazame vitenzi vya kifungu hiki viwili viwili: *fukia–fukua*, *funika–funua*, *chomeka–chomoa*, *funga–fungua*. Katika kila jozi, kitenzi cha pili hutaja tendo linaloondoa matokeo ya tendo la kwanza. Hii ndiyo kauli ya kutendua. Kanuni zake ni hizi:

1. Kiambishi *-u-* huongezwa kwenye mzizi: *fung-a, fung-u-a, kunj-a, kunj-u-a, teg-a, teg-u-a*.
2. Mzizi ukiwa na irabu *o*, kiambishi huwa *-o-*: *chom-o-a*.
3. Baadhi ya vitenzi hudondosha kwanza kiambishi walichokuwa nacho: *fun-ik-a, fun-u-a, chom-ek-a, chom-o-a*.
4. Kiambishi kingine kikifuata, sauti *l* huweza kujitokeza: *fungua, fungulia, funguliwa, chomoa, chomolea, chomolewa*.

Tuzingatie pia kwamba si kila kitenzi kiishiacho kwa *-ua* ni cha kutendua. *Nunua*, *chagua* na *sumbua* havitendui lolote.

Kutendua si kukanusha

Hapa ndipo wanafunzi wetu hukosea mara nyingi. Tulinganishe:

(a) Mshipi haukufungwa.
(b) Mshipi ulifunguliwa.

Sentensi (a) yasema tendo halikutukia. Sentensi (b) yasema tendo lilitukia, kisha likaondolewa. Kwa mtafiti wa makaburi, (a) humaanisha kwamba marehemu alilazwa na mshipi usiofungwa. (B) humaanisha kwamba mkono wa mtu uliugusa baadaye. Anayezichanganya sentensi hizi ameibadili historia ya kaburi zima. Hata nyumbani mambo ni hayo hayo. Mlinzi akiulizwa juu ya wizi, "Mlango haukufungwa" humtia yeye hatiani, ilhali "Mlango ulifunguliwa" huelekeza kidole kwa mwingine. Mwalimu asilichukulie kosa hili kuwa dogo.

Kwa mwalimu

Lugha nyingi za Kibantu zina kauli hii, nasi tuitumie hazina hiyo. Mwanafunzi ajuaye Kinyarwanda husema *gukinga* na *gukingura*, *kuboha* na *kubohora*. Hivyo dhana ya kutendua na upatanifu wa irabu anavyo tayari. Sauti *r* aitamkayo hapo ndiyo mwenzi wa ile *l* tuliyoiona katika *funguliwa*. Tuanze na anachokijua, ndipo tumpe umbo la Kiswahili.

Zoezi

1. Taja kitenzi cha kutendua cha kila kimojawapo: *ziba, bana, kunja, fuma*.
2. Eleza kwa nini tunasema *chomoa* wala si *chomua*.
3. Nomino *kifungo* na *ufunguo* zimetokana na vitenzi gani? Onesha jinsi maana ya kila kitenzi inavyobaki katika nomino yake.
4. Tunga jozi mbili za sentensi zinazotofautisha kukanusha na kutendua, kisha uandike hali ambamo kuzichanganya kungemdhuru mtu.