Dondoo muhimu: Daftari lako la Jupyter linatumia Python ipi?

Unafungua daftari katika VS Code, unaendesha seli ya kwanza, nalo linadai pandas haipo. Na umeshaisakinisha! Mara nyingi ipo kweli, ila kwenye Python nyingine ya kompyuta hiyohiyo. Usikimbilie kupakua tena. Hapa Bunia mega ni pesa.

Liulize daftari lenyewe: `import sys; print(sys.executable)`. Njia itakayotokea ndiyo Python inayotumika. Kama siyo ile uliyoisakinishia pandas, bofya jina la kerneli juu kulia mwa daftari uchague nyingine. Intapreta inayoonekana chini ya dirisha ni ya faili za .py, wengi hubadilisha hiyo, kisha hushangaa.

Kila kazi iwe na mazingira yake: `python -m venv .venv`, halafu sakinisha ipykernel humo. Ndani ya daftari tumia `%pip install`, inayofuata kerneli uliyochagua, kuliko `!pip`, ambayo huweza kwenda kwingine.

Mko kikundi, tuseme wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia (UNIBU) au wa Chuo Kikuu cha Shalom? Mmoja apakue kwa `pip download pandas ipykernel -d vifurushi`, wengine wapokee folda hiyo kwa flashi na wasakinishe bila intaneti: `pip install --no-index --find-links vifurushi pandas ipykernel`. Sharti wote wawe na toleo moja la Python na mfumo uleule, Windows kwa Windows. Folda ya .venv yenyewe msinakiliane: imefungwa kwenye njia za kompyuta ilikoundwa.