Tajiri Akipelekwa Kisutu, Fedha Zako Zinarudije?

Habari ya kigogo kupandishwa kizimbani hufika Busunzu, wilayani Kibondo mkoani Kigoma, kwa redio, siku hizi na kwa simu, na ubishi huanza papo hapo: huyu atafungwa, huyu hafungwi. Wengi husema hafungwi, na wana sababu. Lakini anayesubiri kifungo peke yake atapitwa na mambo makubwa zaidi. Hapa Tanzania, mfanyabiashara mkubwa anayeshitakiwa kwa uhujumu uchumi mara nyingi huumia kabla ya hukumu, akiwa mahabusu, kisha kesi yake humalizwa kwa makubaliano ya kulipa. Mkulima aliyedhulumiwa ana swali lake la pembeni: hizo zinazolipwa zinakwenda kwa nani, na yeye afanye nini ili naye awe kwenye hesabu?

Tuanze na kesi ambayo Kigoma ina sehemu yake. Mwaka 2014 David Kafulila, wakati huo mbunge wa Kigoma Kusini kupitia NCCR-Mageuzi, alisimama bungeni kuhoji fedha za akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Zilitokana na malipo ya umeme wa mtambo wa kampuni binafsi ya IPTL, na zilikuwa zimetolewa wakati mgogoro wa malipo hayo haujaisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alimwita tumbili mbele ya Bunge, na kampuni zilizohusika zilimfungulia kesi ya kumdai mabilioni. Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, ililifikisha suala hilo bungeni Novemba 2014. Mwezi uliofuata Werema alijiuzulu. Wakati huo Kibondo na Kasulu zilikuwa zikiwashiwa taa kwa jenereta za dizeli, na wengi wetu hata hizo hatukuwa nazo.

Juni 2017 wafanyabiashara wawili waliohusishwa na fedha hizo za Escrow, Harbinder Singh Sethi na James Rugemalira, walifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam. Walidaiwa kuisababishia serikali hasara ya zaidi ya dola milioni 22 na shilingi bilioni 309. Hapo msikilizaji wa redio akasikia maneno yaleyale ya kila siku: washitakiwa hawakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama haina mamlaka, upelelezi haujakamilika, kesi itatajwa tena baada ya siku 14.

Maneno hayo yana maana yake. Kesi ya uhujumu uchumi ni ya Mahakama Kuu. Kisutu, au mahakama ya wilaya kama ya Kibondo, haiwezi kuisikiliza mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, atoe ridhaa kwa maandishi. Kabla ya hapo shauri linatajwa tu: mshitakiwa analetwa, hakimu anauliza upelelezi umefika wapi, wakili wa serikali anajibu, tarehe inapangwa, mshitakiwa anarudi rumande. Hakuna shahidi aliyesikilizwa hata mmoja. Likiwemo shitaka la utakatishaji fedha, hakuna dhamana, awe tajiri awe maskini. Kifungu kinachozuia dhamana kilipingwa mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba hakivunji Katiba. Kwa mashitaka ya uhujumu uchumi yenye dhamana, mshitakiwa hutakiwa kuweka fedha taslimu nusu ya thamani inayotajwa au mali inayolingana nayo.

Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kukaa ndani miaka mingi bila kuhukumiwa. Sethi na Rugemalira walikaa takriban minne. Juni 2021 Sethi alikiri kosa moja la kujipatia fedha kwa udanganyifu, akakubali kulipa shilingi bilioni 26.9, akaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12. Septemba mwaka huohuo DPP alimfutia Rugemalira mashitaka, naye akaenda nyumbani bila kutiwa hatiani. Mimi siwezi kushangilia hapo. Kama Rugemalira alikuwa na hatia, hatukuionyesha. Kama hakuwa nayo, tumemlia miaka minne. Mahabusu ikigeuka adhabu, anayeonewa leo ni tajiri, kesho ni katibu wa chama cha msingi cha tumbaku ambaye hana wakili.

Kwenye vitabu sheria haina upole. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, uhujumu uchumi una kifungo cha miaka 20 hadi 30, na Mahakama Kuu ikapewa divisheni maalumu ya rushwa na uhujumu uchumi, ambayo watu waliiita mahakama ya mafisadi, kwa kesi za kuanzia shilingi bilioni 1. Wapo waliokwenda jela kweli. Mei 2011 Rajabu Maranda na Farijala Hussein walihukumiwa miaka mitano kwa shilingi bilioni 1.8 za akaunti ya EPA, ile ya Benki Kuu iliyochotwa shilingi bilioni 133 na kampuni 22. Lakini kabla ya kesi hizo Rais Kikwete alikuwa ametoa muda hadi mwisho wa Oktoba 2008, na waliorudisha fedha kabla ya hapo walinusurika kushitakiwa. Na Februari 2016 mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona, waliohukumiwa kwa msamaha wa kodi ulioisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7, walitolewa gerezani wakamalizia adhabu kwa kufanya usafi Hospitali ya Sinza. Sheria inaruhusu kifungo kisichozidi miaka mitatu kigeuzwe huduma kwa jamii.

Kulipa ndipo utoke kuliingizwa rasmi kwenye sheria mwaka 2019, kwa jina la makubaliano ya kukiri kosa. Septemba mwaka huo Rais Magufuli alimshauri DPP awape washitakiwa wa uhujumu uchumi siku saba za kuomba radhi na kurudisha fedha. Siku zilipoisha, DPP Biswalo Mganga alitangaza kuwa watu 467 wamejitokeza, wakiwa tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 107. Tangu hapo yameulizwa maswali mazito: je, mtu aliyechoka rumande anakiri kwa hiari, na fedha hizo zimehifadhiwaje? Mfumo huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa mwaka 2023 wakati wa Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Sasa linalomhusu mtu wa Busunzu moja kwa moja. Katika makubaliano hayo serikali inalinda hasara ya serikali. Hasara yako wewe haiingii yenyewe. Tazama kesi ya Tariq Machibya, aliyejulikana kama Mr Kuku, aliyekusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida nono ya ufugaji. Mwishoni mwa 2020 Kisutu ilimtia hatiani kwa kuendesha upatu, ikamtoza faini ya shilingi milioni 5 na kutaifisha shilingi bilioni 5.4. Kutaifisha maana yake fedha zinakuwa mali ya serikali. Aliyeuza ng'ombe akapeleka huko fedha zake hakurudishiwa kitu kwa agizo hilo. Marekani, katika kesi ya tapeli Bernard Madoff, aliyefungwa miaka 150 mwaka 2009, mahakama iliteua msimamizi wa kufuatilia mali, na waliotapeliwa wakatakiwa kuwasilisha madai yao kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Zaidi ya dola bilioni 14 zimepatikana. Huku kwetu mzigo huo unaubeba mwenyewe, na unaanza kuubeba siku unapotoa fedha au mzigo wako.

Chukua maharage. Wakala anakuja na fuso wakati wa mavuno, analipa nusu, nyingine ataleta akiuza. Anakuachia kipande cha karatasi ya daftari: gunia 12, kilo 1,140, na sahihi isiyosomeka. Hakuna jina kamili, hakuna namba ya kitambulisho cha taifa, hakuna bei ya kilo, hakuna namba ya gari. Siku ya kesi karatasi ile haisemi lolote. Dakika tano za kuandika hayo yote, shahidi mmoja akatia sahihi, na picha ya karatasi ikabaki kwenye simu ya mtu mwingine, zina thamani kuliko wakili utakayemtafuta baadaye. Ujumbe wa fedha kwa simu usiufute, hata wa shilingi elfu tano.

Kwa kampuni za faida ya haraka, watu huonyeshwa cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na kuridhika. Cheti hicho kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa, basi. Kukusanya akiba za umma kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na hata vikundi vya VICOBA viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Chama cha msingi cha mazao kinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika na kukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Mwanachama ana haki ya kusomewa ripoti ya ukaguzi kwenye mkutano mkuu. Ikifika miaka miwili haijasomwa, usingoje wa tatu: nendeni kwa afisa ushirika wa wilaya mkiwa wengi, mkiwa na barua.

Mkishaibiwa, taarifa iende polisi na mpate namba ya jalada. Palipo na rushwa au ubadhirifu, iende pia TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113 isiyo na malipo. Ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kisha fanyeni lile ambalo wengi hawalifanyi: andikeni orodha moja ya waathirika wote, jina, kiasi, tarehe na ushahidi alionao kila mmoja, muipeleke kwa mpelelezi na nakala ofisi ya mashitaka. Sheria inamtaka mwendesha mashitaka, pale mazingira yanaporuhusu, ashauriane na mwathirika kabla ya kufikia makubaliano na mshitakiwa, na makubaliano hayo yanaweza kubeba fidia. Mahakama nayo, ikimtia mtu hatiani, inaweza kuamuru amlipe aliyepata hasara. Lakini hakuna atakayeshauriana na mtu asiyemo kwenye jalada. Orodha ikifika baada ya mshitakiwa kukiri na kulipa, imechelewa.

DPP akifuta kesi, deni lako halijafutwa. Fungua kesi ya madai. Madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30 yanasikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 wanatoa msaada bure kwa asiye na uwezo. Hesabu muda: dai la mkataba hufa baada ya miaka sita, na dai la madhara mengine, mfano kudanganywa, baada ya mitatu. Kesi ya jinai inaweza kutajwa Kisutu au Kigoma mpaka miaka hiyo mitatu ipite, kwa hiyo tarehe uliyogundua kudhulumiwa iandike juu kabisa ya ile orodha.