Je, Dawa Yaweza Kufuta Kumbukumbu?

Katika Torchwood, mchezo wa kubuni wa kisayansi ulioanza kuonyeshwa na televisheni ya BBC ya Uingereza mwaka 2006, imo dawa iitwayo Retcon. Aimezaye husahau saa zilizopita. Askari polisi Gwen Cooper hunyweshwa pasipo kujua. Baadaye picha ya kisu humrudishia kumbukumbu.

Dawa halisi hazina uwezo huo. Midazolamu, itumiwayo kabla ya upasuaji, huzuia ubongo usihifadhi kumbukumbu mpya. Kumbukumbu za jana hazifuti. Hata hivyo, mwaka 2000 watafiti Nader, Schafe na LeDoux wa New York waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani, kisha wakawasikilizisha tena mlio huo. Mara baada ya hapo waliwadunga anisomaisini, dawa izuiayo utengenezaji wa protini, katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Woga ulipungua sana. Panya waliodungwa bila kukumbushwa mlio hawakusahau.

Kumbe kumbukumbu ikiamshwa hulegea, nayo huhitaji kuimarishwa upya.

Wanafunzi wajadili: shahidi akinyweshwa dawa kama Retcon, anayedhulumiwa ni yeye peke yake, au pia yule anayeutegemea ushahidi wake?