SOKO LA SAMAKI: Jamaa Moja, Mafuta Tofauti

Mnunuzi wa vibua waliogandishwa kutoka Atlantiki huangalia ukubwa wa samaki na bei ya katoni. Kiasi cha mafuta husahauliwa, nacho ndicho kinachoweza kula faida.

Vibua na nguru ni wa jamaa moja, lakini mafuta yao hayalingani. Kwa mujibu wa majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za vibua wabichi wa Atlantiki zina gramu 13.9 za mafuta. Kati ya hizo, gramu 2.3 ni asidi za omega-3 aina ya EPA na DHA. Nguru wa Atlantiki ana gramu 2 tu za mafuta, na omega-3 hizo ni gramu 0.3.

Hata kibua mwenyewe hubadilika. Baada ya kutaga, mafuta yake hushuka chini ya asilimia 10. Septemba na Oktoba huweza kukaribia asilimia 30. Ndiyo maana wanunuzi wa Japani huwapendelea vibua wa Norwei wa miezi hiyo.

Hata hivyo, unono una gharama. Omega-3 huharibiwa upesi na hewa, na baridi huchelewesha tu uharibifu huo. Vibua wanono wakikaa ghalani muda mrefu, nyama hugeuka manjano na kutoa harufu. Nguru huvumilia zaidi.

Wafanyabiashara wanashauriwa kudai tarehe ya kuvuliwa, si ya kufungashwa pekee. Vibua wanono wauzwe kwanza.