Toni za Sauti na Utulivu wa Mwili

Uwemba, katika nyanda za juu za Njombe, ni nchi ya baridi, ya mashamba ya viazi na ya misheni ya Wabenediktini. Katika mapokeo ya watawa hao zaburi huimbwa polepole, upande mmoja wa kwaya ukipokezana na wa pili, na katikati ya kila mstari huwekwa kituo. Wengi waimbao hivyo husema kwamba hutulia. Je, utulivu huo watoka katika toni yenyewe, au katika jambo jingine? Swali hili lafaa kuulizwa, kwa kuwa wako wanaodai kwamba toni fulani huponya maradhi.

Toni ni nini?

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Idadi ya mitetemo kwa sekunde hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu hezi 20 hadi 20,000 hivi. Wanamuziki wengi hulinganisha ala zao kwa toni ya hezi 440. Wengine huisifu ile ya hezi 432 kuwa ni ya uponyaji. Sayansi haijathibitisha sifa hiyo.

Kazi ya pumzi

Tuvutapo pumzi, moyo huenda mbio kidogo. Tuitoapo, hupunguza mwendo, kwani neva ya vagasi, itokayo ubongoni, huutuliza. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Aimbapo toni ndefu hulazimika kutoa pumzi taratibu, na idadi hiyo hushuka.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini, na pia waliotamka maneno ya yoga kwa kuyarudiarudia. Kwa njia zote mbili upumuaji ulishuka hadi mara 6 hivi kwa dakika, na mwendo wa moyo ukalingana na mawimbi ya shinikizo la damu. Maneno yalikuwa mbalimbali, lakini pumzi ilikuwa moja. Basi toni ni kama saa: hutupimia pumzi, na pumzi ndiyo itulizayo.

Zoezi

Mwombe mwenzako ahesabu pumzi zako kwa dakika moja. Kisha keti wima, vuta pumzi puani kwa hesabu ya sekunde 4, na uvumishe sauti, midomo ikiwa imefumbwa, kwa sekunde 6. Endelea kwa dakika 5, kisha uhesabiwe tena. Ukiona kizunguzungu, acha.

Chagua toni iliyo nyepesi kooni mwako. Si lazima ifanane na ya mwingine, maana kila sauti ina tabia ya mwenyewe. Fikira zikitangatanga, zirudishe kwenye toni. Mwanafunzi anaweza kufanya hivyo kabla ya kufungua kitabu.

Tahadhari

Zoezi hili halichukui nafasi ya dawa. Mwenye shinikizo la damu asiache vidonge vyake kwa sababu amejisikia ametulia: shinikizo aghalabu hupanda bila dalili, na mtu huweza kupata kiharusi pasipo kuonywa. Aimbe, lakini aendelee kumeza dawa na kupimwa. Utulivu husikika moyoni. Shinikizo hujulikana kwa kipimo.