Haidra Asiye na Neva

(Kando ya mto Sosiani, upande wa juu kabla haujaingia Eldoret, Jumamosi asubuhi. Babu alifundisha biolojia shule ya upili. Mjukuu yuko kidato cha tatu. Kati yao pana chupa ya jemu yenye maji na majani ya kidimbwini.)

MJUKUU: Babu, macho yananiuma. Naona majani tu.

BABU: Ielekeze kwenye jua, utulie. Huo uzi mweupe jani la kushoto, usiofika sentimita moja.

MJUKUU: Wenye mikono kama ya pweza?

BABU: Hiyo ni minyiri. Huyo ndiye haidra. Sasa mtazame ubavuni.

MJUKUU: Ameotwa na mwingine mdogo!

BABU: Mtoto wake. Haidra aliyeshiba hahitaji mwenzi. Ubavu huvimba, uvimbe ukarefuka, ukaota minyiri na mdomo, na baada ya siku chache mtoto hujibandua akaenda zake. Njaa ikiingia, kuchipua hukoma. Abraham Trembley, Mswisi aliyekuwa Uholanzi, alianza kuwachunguza mwaka 1740. Hakujua kama ni mimea au wanyama, akawakata. Kila kipande kikawa haidra mzima.

MJUKUU: Lakini tumefundishwa hana ubongo. Nani basi humwambia wakati wa kuzaa umefika?

BABU: Hapo umeuliza. Ubongo hana, neva anazo, zimetandazwa mwilini kama wavu, zikasongamana zaidi karibu na mdomo na kwenye mguu. Na neva hutoa kemikali. Miaka ya 1960 wapo wanasayansi, Allison Burnett mmoja wao, waliofikiri kwamba kemikali hizo ndizo zinazoongoza ukuaji wa haidra. Hoja nzuri, ila kuipima kulihitaji haidra asiye na neva hata moja.

MJUKUU: Utazitoaje neva za kiumbe kama huyu?

BABU: Kwa kolchisini, dawa ya jongo inayotokana na mmea. Richard Campbell wa California aliitumia miaka ya 1970. Haichomoi neva, inaua seli changa zinazozaa neva mpya. Mwili wa haidra haukai vile vile. Seli huongezeka katikati, zikasukumwa kuelekea kichwani na mguuni, zikadondoka. Neva za zamani zikadondoka hivyo, mpya hazikuja. Akabaki ngozi ya nje na ngozi ya ndani, bila hata seli za sumu za kuwindia.

MJUKUU: Akafa njaa.

BABU: Angekufa. Chakula kingemgusa mdomo asifungue. Campbell na Beverly Marcum wakawalisha kwa mkono, mmoja mmoja, na kuwasafisha tumbo. Hebu fikiria subira hiyo! Mimi darasani nilikuwa nikilieleza jaribio hili kwa dakika tano, na leo naona niliwapunja wanafunzi wangu.

MJUKUU: Wakachipua?

BABU: Wakachipua. Polepole kuliko wenye neva, lakini mtoto alitokea mahali pake pale pale, na minyiri yake. Ramani ya mtoto imo katika seli za ngozi. Neva humfungulia mama mdomo apate chakula, na chakula ndicho kinacholeta watoto. Anayesema neva humwumba mtoto wa haidra amekosea.

MJUKUU: Kwa hiyo neva haziamui lolote katika uzazi wa namna hii?

BABU: Usikimbie. Pindua lile jiwe, taratibu.

MJUKUU: Kuna kinyoo bapa, kichwa cha pembetatu, macho kama makengeza.

BABU: Planaria. Huyu ana ubongo, mdogo lakini ubongo. Akitaka kuzaa bila mwenzi, mkia hung'ang'ania jiwe, kichwa kikavuta mbele mpaka mwili ukakatika. Kila nusu huota inachokosa. Mwaka 1969 Jay Best na wenzake walionyesha kwamba planaria aliyekatwa kichwa hugawanyika mara nyingi zaidi ya mwenye kichwa.

MJUKUU: Ubongo ndio uliokuwa ukimzuia!

BABU: Ndio. Hata wakirundikana chomboni hugawanyika kidogo kuliko aliye peke yake, na kizuizi hicho nacho kinapitia kichwani. Ubongo unajua kama pana nafasi. Sasa rudisha jiwe kama lilivyokuwa, na maji ya chupa uyamwage kidimbwini, si kwenye mfereji wa barabarani. Haidra hufa upesi maji yakiwa na shaba au metali nyingine nzito, ndiyo maana nimekuleta huku juu ya mji.

MJUKUU: Swali la mwisho, Babu. Wale watoto wa haidra wa Campbell walizaliwa na neva?

BABU: Hata moja. Mama hakuwa na seli ya kuwapa. Nao walilishwa kwa mkono, wakakua, wakachipua watoto wao.