Mbwa mzee anayechechemea: maumivu ya viungo, na dawa zinazoua

Wandugu wanamemba, katika masomo yetu tunaongea sana juu ya mbuzi, kuku na nguruwe. Leo ni zamu ya mbwa. Yeye anayelala mlangoni mwa depo ya mchele usiku, yeye anayeingia pori na kengele ya mti shingoni, naye anatumika. Akizeeka, viungo vyake vinauma sawa vya mtu.

Mbwa hawa wa kwetu, wenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja, hawabweki sana, na wakiumwa wananyamaza zaidi. Basi angalia asubuhi. Anaamka pole pole, anachechemea hatua za kwanza, kiisha akitembea kidogo anapata nafuu. Siku ya mvua anazidi kukakamaa. Hapandi tena baraza. Analamba goti lile lile kila saa. Mtoto akimgusa kiuno ananguruma, na zamani alikuwa mpole. Watu watakuambia: "Eko muzee tu, muache." Lakini uzee si ugonjwa, kiungo ndicho kinachouma, na kinaweza kusaidiwa.

Kwanza angalia kati ya vidole: funza, mwiba, kucha iliyoota ndani ya nyama. Mara nyingi shida yote iko hapo. Lakini mbwa aliyebadilika gafula, miguu ya nyuma inalegea, mate yanatoka, anauma watu bila sababu, huyo usimshike: inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kiisha nenda kituo cha afya siku ile ile kuuliza chanjo.

Sasa dawa. Hapa ndipo tunaua nyama zetu kwa huruma. Mtu anatoka famasi na ibuprofène, diclofenac ao indocid yake, anavunja kipande, anaficha ndani ya samaki. Kisha siku chache mbwa anatapika damu, mavi yanakuwa meusi kama lami, figo zinaharibika. Na paka? Paracetamol kidonge kimoja cha mg 500 kinatosha kumuua. Mwili wa paka hauwezi kuivunja: ufizi unageuka rangi ya kahawia, uso unavimba, pumzi inakatika. Usimpe hata robo.

Iko dawa ambayo veterineri anaweza kuandika, kama meloxicam. Lakini fanya hesabu: mbwa wa kilo 10 anahitaji karibu mg 1 kwa siku, na kidonge cha mtu kina mg 7,5 ao 15. Ndiyo sababu "kipande kidogo" ni hatari. Inatolewa pamoja na chakula, maji yakiwa karibu, na haichanganywi na dexamethasone wala prednisolone. Akitapika ao akikataa kula, simamisha dawa na urudi kwa veterineri.

Mengine unaweza kufanya mwenyewe, bila franka. Mtolee chini penye unyevu: weka mbao, juu yake gunia kavu lenye majani makavu ya mchele, na ubadilishe yakilowa. Kata kucha. Usimfunge kamba siku nzima, maana kiungo kisichotembea kinakakamaa. Ila usimpeleke kuwinda tena. Matembezi mafupi, mara mbili kwa siku, yanatosha. Na mbwa mnene apunguziwe fufu na lituma, sababu kila kilo anayobeba inakaa juu ya magoti yale yale yanayouma. Kitambaa cha maji ya vuguvugu juu ya kiungo, dakika 10, nacho kinatuliza. Jaribu maji kwanza na mkono wako.

Veterineri atauliza kilo za mbwa. Mizani ya koperative inatosha kama ni ya kupanda juu: panda ukiwa umembeba, kiisha panda peke yako, toa hesabu ya pili katika ya kwanza. Uandike pia tangu siku gani anachechemea, na dawa zote alizokwisha kupewa, hata ile uliyoficha ndani ya samaki.